Mokolo nakokufa, wimbo tunaouzima haraka

Ndugu wachimbaji, mama na dada zetu wa Munigi, na ninyi mlioko huko milimani Masisi na Walikale, leo tunaomba ruhusa tuongee muziki. Tumezoea kuwaandikia juu ya bei ya koltani, juu ya bariera, juu ya mashimo yanayoanguka. Leo ni muziki. Mwisho mtaona tumerudia palepale, lakini mtuvumilie kwanza.

Tulikuwa watu tisa, Jumamosi jioni, hapahapa Munigi, wote wachimbaji ama waliokuwa wachimbaji, na ubishi ukazuka: katika nyimbo zote za Tabu Ley Rochereau, gani inapita zingine? Mmoja akasema Maze. Mwingine akasema Sarah, akaapa kwa mama yake. Wa tatu akataja Pitié. Mzee mmoja aliyefanya kazi SOMINKI zamani akasema Adios Tété, na watu wakanyamaza kidogo kwa heshima, juu mzee yule akisema kitu hapendi kujibiwa. Kisha vijana wakaingiza Mbilia Bel, na hapo ubishi ukapoteza njia kabisa. Saa nzima ikapita. Hakuna hata mmoja aliyetaja Mokolo nakokufa.

Tulipoutaja sisi wa sendika, jibu likaja haraka: "Ile ni ya matanga." Yaani si wimbo wa kupenda. Ni kitu cha kutoa kwenye sanduku mtu akifa, kama vile viti vya plastiki na turubai, na kurudisha kisha mazishi.

Hatukubali. Tunasema kwamba huu ndio wimbo mkubwa wa Tabu Ley, na kwamba sisi watu wa mashimo ndio tulipashwa kuwa wa kwanza kuujua hivyo.

Kwa vijana, tukumbushe kidogo. Tabu Ley alizaliwa Bandundu. Jina la Rochereau alilipata shuleni, juu ya kanali mmoja wa Wafaransa, Denfert-Rochereau, ambaye yeye alimjua kwenye somo la historia. Mwaka wa 1959 akaingia African Jazz ya Kabasele. Mwaka wa 1963 akatoka pamoja na Dokta Nico, wakaunda African Fiesta. Kisha hao wawili nao wakaachana, na Tabu Ley akabaki na African Fiesta National. Ni wakati ule, karibu 1966, alipoimba Mokolo nakokufa. Mwaka wa 1970 alipanda jukwaa la Olympia kule Paris. Yote hayo yanajulikana. Lakini angalieni tarehe: alipoimba wimbo huu alikuwa kijana ambaye hajafika miaka 30. Nchi ilikuwa na miaka 6 tu ya uhuru. Watu walikuwa wametoka kwenye vita na uasi, Mobutu amechukua utawala, na Kinshasa ilikuwa inacheza. Kijana mwenye jina, mwenye wanamuziki wazuri nyuma yake, angeweza kuimba mapenzi peke yake na watu wangelipa. Yeye akakaa chini akaimba siku ya kufa kwake.

Hatutaandika maneno yake hapa. Ni ya Kilingala na ni yake. Tutasema tu namna wimbo unavyokwenda. Mtu anawaza siku atakayokufa. Hajui itamkuta wapi wala kwa njia gani. Anajiuliza ni nani atakayemlilia, na kwa kuwa hakuna wa kumuhakikishia, anaanza kujililia mwenyewe mapema. Kisha anajigeuza. Anakuwa maskini, anakufa kama maskini. Anakuwa tajiri, anakufa akiwaza mali yake na watoto aliowatuma Ulaya. Anakuwa ndumba, mwanamke wa kuuza mwili, anawaza nguo zake na mapambo yake. Anakuwa mlevi, anawaza kopo. Watu wane, na kila mmoja amepewa nafasi ya kusema anachoacha nyuma.

Kitu cha ajabu ni kwamba muziki haubadiliki. Tumeusikiliza mara nyingi sana, na kila mara tunakuta vilevile: kwa tajiri gita haliongezi kitu, kwa maskini halipunguzi. Sauti ni ileile, pole, bila kupiga kelele, kama mtu anayeongea peke yake usiku na hataki kuamsha watoto. Sebene kubwa ya kurusha watu hakuna. Ndiyo sababu wa kwetu wanauzima. Tumezoea kungojea sebene kama vile tunangojea siku ya kulipwa; wimbo ukikosa sebene tunaona kama tumeibiwa.

Kuna sababu ingine ambayo haisemwi sana. Ni Kilingala. Hapa kwetu Kilingala tulikijua kwanza kwa masikio ya woga. Kilikuwa lugha ya askari. Mtu aliyesimamisha chukudu yako barabarani na kuuliza kadi, na kisha kadi kuuliza pesa, alikuuliza kwa Kilingala. Wazazi wetu walipenda rumba, ndiyo, lakini rumba ya kucheza, maana mtu akicheza hahitaji kuelewa kila neno. Wimbo huu unataka uelewe. Wengi wetu tuliusikia miaka 20 kwenye redio tukidhani ni wimbo wa mapenzi wenye huzuni. Siku mtu alipotutafsiria kwa Kiswahili, pale pale kwenye mlango wa shimo, tumekaa tukingojea maji yatolewe ndani, tulishindwa kuongea. Ndipo tukajua kwamba kumbe Kilingala kinaweza pia kumuuliza mtu swali bila kumuomba kitu.

Tunajua wengine wana neno juu ya Tabu Ley mwenyewe. Aliingia siasa kisha Mobutu kuanguka, akakaa bungeni, na mwaka wa 2005 akawa makamu wa gavana wa Kinshasa kwa nafasi iliyokuwa ya RCD. Hapa Goma jina la RCD halisahauliki, na kuna watu wazima wakisikia sauti ya mzee huyu wanakumbuka mambo mengine kabisa. Hatuwaambii wasahau. Tunasema tu kwamba kijana wa 1966 hakujua mzee wa 2005, na wimbo ulitoka kwa yule kijana.

Basi tuje kwa kile kilichotufanya tuandike.

Miaka kadhaa imepita tangu shimo moja lianguke wakati wa mvua, mbali na hapa, na mwenzetu mmoja akabaki ndani. Jina lake hatulitaji, familia iko hapa. Siku 3 watu walichimba kumtafuta. Siku ya 4 PDG wa shimo akasema kazi isimame, udongo unaendelea kushuka, tutapoteza wengine. Pengine alikuwa na haki. Hatukuwa na mbao za kutosha wala pompi. Tukarudi Munigi na habari bila mwili.

Ninyi mnajua namna matanga inavyokuwa ngumu bila mwili. Hapa kwetu Munigi tumezoea hata kaburi kuwa kazi nzito. Chini ni mawe ya volkano tupu. Ile lava ya Januari 2002 ilipita hapa ikashuka mpaka mjini na ziwani, na chini yake kuna zingine za zamani. Kaburi tunalichimba na baramini ileile tunayochimbia koltani. Siku ile hapakuwa na kaburi. Vijana wetu walikaa na baramini zao bila kazi, hawajui waweke mikono wapi. Picha ya marehemu pia ilikosa. Simu yake ilikuwa naye mule chini. Ikabidi kuweka kwenye meza kadi yake ya mpiga kura, ile picha ndogo ambayo kila mtu anafanana na mwizi.

Usiku kijana mmoja akaunganisha simu yake na bafule. Akapiga nyimbo za Mungu, moja, mbili, tatu. Kisha, bila kufikiri, ama pengine kwa kufikiri, akaweka Mokolo nakokufa. Shangazi mmoja akapaaza sauti: "Muzime ile wimbo! Iko naita kifo mu nyumba!" Kijana akakimbilia simu. Ndipo mama wa marehemu, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema neno, akasema polepole: "Muache. Uyu iko namulilia mutoto yangu."

Ukachezwa mara 4 usiku ule.

Tangu siku ile tunausikia tofauti. Tabu Ley aliuliza ni nani atakayemlilia. Kwa yeye jibu tunalijua. Alikufa Brussels tarehe 30 Novemba 2013, mwili ukarudishwa Kinshasa, ukawekwa Palais du Peuple, na nchi nzima ikapita mbele yake. Mwana wake Youssoupha, yule anayeimba rap kule Ufaransa, alikuwa ameshamuimba akiwa bado hai. Tabu Ley alililiwa mpaka akatosheka. Lakini swali alilouliza halikuwa lake peke yake, na kwetu sisi bado liko wazi kama shimo lisilofunikwa.

Juu ya nini? Juu ili mtu akulilie, anapashwa kwanza kujua kwamba umekufa. Shimo likianguka huko milimani, swali la kwanza siyo "nani amekufa?" Swali la kwanza ni "walikuwa wangapi?" Na hakuna anayejua. Mmoja anasema 12, mwingine 30, redio inasema hesabu ingine, serikali ingine tena. Vijana wanatoka Kalehe, wanatoka Rutshuru, wanatoka hapa Nyiragongo, wanaingia shimoni na jina la utani. Tumefanya kazi na mtu mwaka mzima tukimwita Kobra. Siku alipokufa hatukujua tupigie simu nani. Mahali fulani kuna mama ambaye mpaka leo anasema mwana wake yuko Masisi anatafuta maisha.

Yule mzee wa Adios Tété, siku ile ya ubishi, alituambia kitu tulichokuwa tumekisahau. Wakati wa SOMINKI, alisema, kila mfanyakazi alikuwa na namba. Namba iliandikwa kwenye kitabu, na mbele ya namba kulikuwa jina, na mbele ya jina kijiji. Hatutaki kusifu maisha ya wakati ule. Mshahara ulikuwa mdogo na mzee mwenyewe alitoka mikono mitupu. Lakini mtu akifa, ofisi ilijua ni nani. Sisi tulipewa uhuru wa kuchimba. Mwaka wa 1982 Mobutu aliruhusu raia kuchimba dhahabu na almasi, kisha madini mengine yakafuata, na watu wengi tukala kupitia njia ile. Hatutaki irudishwe nyuma. Lakini katika uhuru ule tulipoteza ile namba.

Sheria tunazo, na ni nzuri kwenye karatasi. Kodi ya madini ya 2002, iliyobadilishwa mwaka wa 2018, inataka kila mchimbaji awe na kadi na awe ndani ya kooperative. Kuna SAEMAPE ya kutusimamia. Shimo halipashwi kupita metri 30. Mwanamke mwenye mimba na mtoto mdogo hawapashwi kuwa kwenye machimbo. Nani kati yetu hajaona metri 60? Na vita tangu 2022, kisha mambo ya Goma ya Januari 2025, vimefanya hata ule ukaguzi mdogo uliokuwepo uwe kama hadithi. Mwenye bunduki akibadilika, mwenye kupokea kodi anabadilika. Daftari la majina halipatikani kwa yeyote kati yao.

Ndiyo tunasema wimbo huu ni wetu. Mchimbaji hayumo kati ya wale watu wane, ni kweli. Kinshasa ya 1966 haikutujua. Lakini tukijitazama vizuri, sisi tumo kwa wote wane. Tunashuka maskini. Tukipata mfuko mmoja mzuri wa koltani tunakuwa matajiri kwa siku 2, tunanunua simu, tunanunulia watu wote. Siku ya 3 tunakuwa yule mlevi. Ubeti wa mlevi ndio vijana wanaoucheka, na sisi tunauona kuwa ndio mchungu kuliko yote, maana tumewaona wanaume wanaokumbuka bei ya Primus katika kila machimbo waliyopita na hawakumbuki mtoto wao anasoma mwaka wa ngapi.

Na yule ndumba. Hapo wanaume tunatazama chini. Kila machimbo ina wanawake wanaobeba mifuko, wanaosafisha madini mtoni, wanaopika, na kila mmoja wao tunamuita jina lile nyuma ya mgongo, hata mama mwenye watoto 6 ambaye mgongo wake umepinda kwa mawe ya wengine. Tabu Ley alimpa ubeti wake, na hakumtukana. Kwa wimbo wa mwanaume, wa mwaka ule, si kitu kidogo. Dada mmoja wa sendika yetu alisema yeye anaupenda wimbo juu ya pale tu, kisha akaongeza kwamba hata hivyo angependa yule mwanamke akumbuke kitu kingine kuliko nguo. Ana haki. Hatukuwa na jibu.

Wachungaji wengine wametuambia wimbo huu ni wa dunia, unaita roho ya mauti. Tunawaheshimu, ni wao wanaotuzika. Lakini tunawauliza: je, zaburi hazihesabu siku za mwanadamu? Mtu anayeshuka metri 40 na tochi kichwani haiti kifo kwa kuimba. Yeye na kifo wanasalimiana kila asubuhi. Kinachomuua ni mbao zilizokosa, na mvua, na PDG anayesema "mushuke tu, jua liko nawaka."

Basi tufanye nini na wimbo? Sisi tulianza kuuimbisha kabla ya mtu kufa. Kwenye mikutano yetu ya Jumapili, kisha ripoti na kabla ya likelemba, tunauweka mara moja, mpaka mwisho, bila kuongea. Mwanzoni watu walitoka nje kuvuta hewa. Sasa wanabaki. Na siku moja ukiwa unacheza, mama mmoja, mke wa mchimbaji, akainuka akauliza: "Kama wimbo unauliza nani atalia, mbona hamuandiki nani atashuka?"

Ndipo kaye ilipozaliwa. Ni kaye ya shule, ya kurasa 100, imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki juu ya mvua. Inakaa mlangoni mwa shimo. Anayeshuka anaandikwa: jina lake la kweli, kijiji, na namba ya simu ya mtu mmoja wa nyumbani. Jioni akipanda anatiwa alama. Basi. Hakuna mradi, hakuna wafadhili, hakuna fulana. Kila wiki kila mmoja anatoa 500 FC kwa ajili ya mbao za jeneza ama, kama mwili haukupatikana, kwa ajili ya nauli ya kwenda kumwambia mama yake uso kwa uso. Si kwa simu.

Tunajua udhaifu wake. Kaye moja ilipotea, tunadhani iliwashia mtu makala. PDG wengine wanaikataa kabisa, wanasema kaye ni ushahidi. Ndiyo, ni ushahidi, hata sisi tunajua hivyo. Vijana wengine wanaandika jina la uongo kwa kuogopa kodi ama kuogopa askari, na hatuwezi kuwalaumu. Siku hizi jina ni kitu cha kuficha. Tumewaambia: andika hata jina analokuita mama yako tu, na namba yake. Kobra aliyekuja kisha yule wa kwanza (kila machimbo ina Kobra wake) alikataa wiki 3. Wiki ya 4 akaja na karatasi imekunjwa mfukoni, akasema tuandike sisi wenyewe, yeye mkono wake haujazoea. Jina lake ni zuri sana. Hatujui juu ya nini alikuwa analificha.

Tunataka kaye ifike kwenye mashimo mengine, na kwa hilo hatuhitaji ruhusa ya mtu. Inahitaji kaye, kalamu, na mtu mmoja anayejua kuandika ambaye hatashuka siku ile. Wake zetu na watoto waliofika sekondari wanaweza kazi hiyo kuliko sisi. Mwenye shimo akikataa, andikeni nyumbani: asubuhi, kabla baba hajatoka, mtoto aandike anakwenda wapi na anakwenda na nani.

Jumapili ijayo tunakutana kisha misa, mahali petu pa kawaida hapa Munigi, karibu na pale chukudu zinapopumzika kabla ya kushuka mjini. Tutagawa kaye 15 tulizonunua. Mzee wa Adios Tété ameahidi kuja, na amesema atatueleza makosa yetu yote juu ya Tabu Ley. Mwenye bafule yenye chaji ailete. Ya kwetu imekufa tangu wiki jana.